Koo, Usingizi na Presha: Kasoro za Istilahi za Nusukaputi na Sikio

Kazi ya kuunda istilahi haimaliziki neno linapoandikwa katika orodha mbele ya neno la kigeni. Hapo ndipo huanza. Orodha huficha mengi: kila neno husimama peke yake, na msomaji huridhika akiona kila pengo limejazwa. Kasoro hujitokeza siku maneno hayo yanapokusanywa katika sentensi moja na kutakiwa kubeba jambo ambalo mtu atalitenda kwa mkono wake. Kwa hiyo katika makala haya nakusudia kuyapima baadhi ya maneno yetu ya tiba kwa sentensi moja tu, kuona yapi yanasimama, yapi yanayumba na yapi yanaanguka.

Sentensi yenyewe yahusu fani ambayo mwananchi huikuta mara chache, lakini kila aikutapo maisha yake huwa mikononi mwa wengine, nayo ni fani ya nusukaputi. Madaktari wamekuwa wakichunguza kwa muda mrefu jinsi vifaa vinavyotumika kumpumulisha mgonjwa aliye katika nusukaputi vinavyohusiana na hewa iliyomo ndani ya sikio. Mfasiri mwangalifu, akitumia maneno yaliyozoeleka leo, angeweza kulieleza jambo hilo hivi: “Vifaa vya koo vinavyotumika wakati wa usingizi huathiri presha ya sikio.”

Sarufi yake haina dosari. Kila neno ni la Kiswahili au limekwisha kuwa la Kiswahili. Hata hivyo, mwalimu akiisoma mbele ya darasa, au muuguzi mbele ya mgonjwa, karibu kila neno lenye uzito litampotosha msikilizaji. Na tulitazame neno moja moja.

1. Usingizi na nusukaputi

Jambo lenyewe lilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton alipomvutisha mgonjwa mvuke wa etha naye akapasuliwa bila kulalamika. Mwezi uliofuata Oliver Wendell Holmes alipendekeza jambo hilo liitwe kwa neno la asili ya Kiyunani lenye maana ya kukosa hisi, nalo ndilo lililoenea duniani. Hakuchagua neno la usingizi, ingawa aliyevuta etha alionekana amelala fofofo.

Sisi tuna maneno matatu. La kwanza ni ganzi, na hili ni zuri mno. Kila aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi anajua maana yake, na daktari wa meno asemapo atautia ufizi ganzi, haelezi zaidi. La pili ni nusukaputi, ambalo wazee wetu walilitumia kwa dawa ya kumzimisha mtu kabla ya kupasuliwa. La tatu ni usingizi, na hili ndilo linalotawala siku hizi. Tunasikia dawa ya usingizi, daktari wa usingizi, huduma za ganzi na usingizi.

Naelewa kwa nini usingizi umependwa. Ni neno pole. Mgonjwa mwenye hofu akiambiwa atalala kidogo kisha ataamka, moyo hutulia, ilhali nusukaputi ina sauti ya kutisha, kama kwamba nusu ya mtu imekwisha kwenda. Lakini istilahi haichaguliwi kwa upole peke yake. Yatupasa kuuliza neno linamfundisha nini mtu asiyejua.

Usingizi unamfundisha uongo wa aina mbili. Wa kwanza ni huu: mtu hulala kila usiku akiwa ameshiba, wala haoni dhara. Basi akiambiwa asile chakula kwa saa 6 wala asinywe hata maji kwa saa 2 kabla ya “kulazwa usingizi,” kwa nini asidhani kuwa ni ukali wa hospitali tu? Katika usingizi wa kawaida koo hulinda mapafu. Kitu kikipotea njia, mlalaji hukohoa na kuamka. Katika nusukaputi ulinzi huo huzimwa, na chakula kikirudi kutoka tumboni chaweza kuingia mapafuni na kuua. Neno usingizi linaificha sababu ya mwiko huo, na mwiko usio na sababu huvunjwa kwa urahisi.

Uongo wa pili ndio unaohusu sikio. Mlalaji humeza mate mara kwa mara, ingawa si kwa wingi kama aliye macho. Kila amezapo, njia nyembamba iliyo kati ya koo na sikio hufunguka na hewa ya sikio husawazika na ya nje. Aliye katika nusukaputi nzito hamezi. Sikio lake haliwezi kujirekebisha kwa njia yake ya kawaida, na hapo ndipo suala zima la sentensi yetu linapoanzia. Tukiandika “wakati wa usingizi” tumekwisha kulifuta swali kabla ya kuliuliza, maana msomaji atasema kwamba yeye hulala kila siku na masikio yake ni mazima.

Pendekezo langu ni kwamba usingizi ubaki katika mazungumzo ya kumtuliza mgonjwa, lakini katika maandishi, hasa hati ya ridhaa ambayo mgonjwa huitia sahihi, iandikwe nusukaputi, na maana yake ielezwe kwa sentensi moja. Wanaopendelea kukopa anesthesia hawakosei kwa matamshi, lakini neno hilo hujumlisha ganzi na nusukaputi pamoja, wakati Kiswahili kimekwisha kuzitenga vizuri. Mwenye mawili yaliyo wazi hana haja ya kuazima moja lenye utata.

2. Koo

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Katika lugha ya kila siku koo ni eneo zima kuanzia nyuma ya ulimi mpaka mwanzo wa kifua. Tunaumwa koo, tunakaukwa na koo, mwiba wa samaki unatukwama kooni. Matumizi haya hayana ubaya wowote, kwani mpishi na mlaji hawahitaji zaidi.

Mtoa nusukaputi anahitaji zaidi. Mbele yake, mahali hapo panapoitwa koo kwa ujumla, pana njia panda. Hewa hutoka puani na kinywani, chakula hutoka kinywani, na vyote hupita uwanja mmoja kabla ya kugawana njia. Mbele hushuka hewa kwenda mapafuni, nyuma yake hushuka chakula kwenda tumboni. Njia hizo mbili zinapakana. Mrija wa kumpumulisha mgonjwa ukiingia njia ya mbele, anaishi. Ukiingia ya nyuma na isigundulike upesi, hewa itajaza tumbo na mgonjwa atakufa kwa kukosa oksijeni katika dakika chache. Hili ni kosa linalojulikana na kuogopwa katika kila chumba cha upasuaji duniani, na wataalamu hufundishwa namna ya kulitambua tangu siku za mwanzo.

Sasa mwongozo ukiandikwa “ingiza mrija kooni,” umesema nini? Umetaja uwanja, lakini hukutaja njia. Wengine, wakiiona kasoro hiyo, huandika koromeo. Lakini koromeo nalo lina shida yake: mmoja hulitumia kwa mwanzo wa njia ya hewa, mwingine kwa koo zima, na msomaji hana namna ya kujua mwandishi yuko upande upi. Istilahi inayotegemea kumjua mwandishi haijawa istilahi.

Kwa bahati njema Kiswahili hakikosi maneno. Kinachokosekana ni mapatano na uaminifu katika kuyatumia. Napendekeza mgawanyo ufuatao. Koo, katika maandishi ya tiba, libanwe liwe ni ule uwanja wa pamoja tu, nao una ghorofa tatu: koo la nyuma ya pua, koo la nyuma ya kinywa na koo la chini. Zoloto liwe ni lango la njia ya hewa, lenye nyuzi za sauti. Trakea iwe ni bomba linaloshuka kutoka zoloto kwenda mapafuni. Umio uwe ni njia ya chakula peke yake, wala usitumiwe kamwe kwa njia ya hewa, hata kwa kuongezewa kivumishi.

Atauliza mtu kwa nini naikubali trakea iliyokopwa baada ya kuikataa anesthesia. Sababu ni ile ile. Kwa nusukaputi tuna neno letu linalotenga, na kwa bomba hilo tuna maneno yetu yanayochanganya. Trakea hutamkika bila taabu, haina maana nyingine katika lugha yetu, na haiwezi kudhaniwa kuwa ni umio. Kukopa kwafaa pale panapohitajika kuta kati ya vyumba viwili vinavyopakana.

3. Vifaa: barakoa, kawa na mrija

“Vifaa vya koo” ni jina la kabati, maana limekusanya vitu vitatu vinavyofanya kazi kwa namna tatu tofauti, na kwa sikio tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Cha kwanza hufunika pua na kinywa kwa nje. Hiki tukiite barakoa ya uso, na hakuna atakayebisha. Barakoa lilikuwa vazi la uso la wanawake wa pwani na Omani, na mwaka 2020, wakati wa janga la korona, neno hilo lilitanda nchi nzima kwa maana ya kifuniko cha pua na mdomo. Ni mfano mzuri wa neno la zamani kupata kazi mpya bila amri ya mtu.

Cha pili ni mrija unaopita katikati ya zoloto mpaka ndani ya trakea, wenye puto dogo linalojazwa hewa ili kuziba pembeni. Mrija wa trakea ni jina linalotosha. Hospitalini watu husema mpira, kama wasemavyo mpira wa mkojo, na katika mazungumzo haidhuru. Katika maandishi, hata hivyo, kila kitu kinachonyumbuka kisiwe mpira.

Cha tatu ndicho kigumu. Kilianza kubuniwa na daktari Mwingereza Archie Brain mwaka 1981, akakitangaza kwa wenzake mwaka 1983. Ni bakuli dogo la umbo la yai, lenye ukingo wa puto, lililounganishwa na mrija. Huingizwa kinywani, likashuka mpaka koo la chini, likakaa juu ya mlango wa zoloto bila kuingia ndani yake. Jina lake la Kiingereza limetumia neno la barakoa, na wafasiri wetu wamefuata: “barakoa ya koo.” Msomaji wa Kiswahili akisikia barakoa ya koo huona kitambaa kilichofungwa shingoni. Barakoa kwetu huvaliwa, nayo huonekana. Kifaa hiki hakivaliwi wala hakionekani.

Napendekeza kawa la zoloto. Kawa ni kile kifuniko cha ukili ambacho mama zetu hufunikia sinia la chakula. Hakiingii ndani ya chombo, hukaa juu yake na kuukumba ukingo wake pande zote. Ndivyo hasa kifaa hiki kinavyofanya kwa mlango wa zoloto. Atakayesema kuwa kawa halina tundu, ilhali hiki kina mrija, namjibu kwamba jina halilazimiki kueleza kila kitu. Likieleza mahali na namna ya kukaa, limefanya kazi yake. Tena neno kawa linaonya jambo la maana: kifuniko kinachokaa juu ya ukingo chaweza kuvuja ukingoni. Kweli huvuja, mgandamizo wa kupumulisha ukizidi, na hewa inayovuja hurudi kooni.

4. Presha, shinikizo, mgandamizo na kanieneo

Kwa dhana hii moja tuna maneno manne, na kila moja lina makao yake. Presha ni ya mitaani. Shinikizo ni la magazeti na la zahanati. Mgandamizo ni wa watabiri wa hali ya hewa, watuambiao kuhusu mgandamizo mdogo baharini. Kanieneo ni la vitabu vya sayansi vya shule, nalo limeundwa kwa kuunganisha kani na eneo, kwa kuwa dhana yenyewe ni kani iliyogawanywa kwa eneo.

Si kila mara maneno mengi ni utajiri. Fikiri chumba cha upasuaji mahali ambapo mgonjwa anazibwa tundu la kiwambo cha sikio. Humo mna vipimo vitatu kwa wakati mmoja. Cha damu hupimwa kwa milimita za zebaki. Cha puto hupimwa kwa sentimita za maji: puto la mrija wa trakea hutakiwa liwe kati ya 20 na 30, na la kawa la zoloto lisizidi 60. Cha sikio hupimwa kwa dekapaskali, na hutajwa kwa kulinganishwa na hewa ya nje, hata sifuri yake haina maana ya kukosekana bali ya kulingana. Vyote vitatu vikiitwa presha, tamko “presha imepanda” halimwambii mtu kitu, na tarakimu 60 pasipo kutaja kipimo ni mtego: 60 za zebaki ni zaidi ya 81 za maji, na tishu za koo zitabanwa kupita kiasi.

Shinikizo lina kasoro nyingine. Kwa mazoea yetu “ana shinikizo la damu” maana yake ni kuwa ni mgonjwa, wala hatusemi hivyo kwa mtu ambaye damu yake inasukumwa kwa kiasi cha kawaida. Jina la kipimo limegeuka kuwa jina la maradhi, na presha vivyo hivyo. Basi “shinikizo la sikio” litasikika kama ugonjwa mpya, ingawa kila sikio zima lina kiasi chake kila saa.

Siwashauri watu walitupe shinikizo la damu. Limekwisha kuokoa maisha ya wengi kwa kueleweka kwake, na istilahi iliyoota mizizi haing’olewi kwa sababu ya usafi. Lakini kwa hewa iliyo ndani ya vyombo na mashimo ya mwili, likiwamo sikio, nashauri kanieneo. Wapo wanaolilaumu kuwa ni neno la darasani. Ni kweli, lakini ni la darasa la shule ya msingi, ambamo maelfu kwa maelfu wamelisoma. Tena hukubali viambatisho bila kugeuka ugonjwa: kanieneo chanya, kanieneo hasi, kanieneo iliyosawazika. Tutavihitaji vyote hapa chini.

5. Sikio na mrija wake

Kwa sikio lenyewe twaweza kujipongeza. Sikio la nje, la kati na la ndani ni maneno yaliyo wazi. Kiwambo cha sikio ni neno la kupigiwa mfano, kwa kuwa limetokana na kuwamba ngozi juu ya ngoma, na ngozi iliyowambwa ndiyo kila mtu aijuayo kuwa hulegea au hukazika hewa ya upande mmoja ikizidi ya upande wa pili. Neno moja limefundisha fizikia nzima.

Kasoro iko kwenye sentensi yetu, iliyosema “sikio” tu. Hewa inayozungumzwa ni ya sikio la kati, chumba kidogo kilicho nyuma ya kiwambo. Msomaji asipoambiwa hivyo atafikiri tundu la nje aliingizalo pamba.

Iko pia kwenye mrija uunganishao chumba hicho na koo la nyuma ya pua. Vitabu vingi huuita kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mtaalamu wa Italia wa karne ya 16. Heshima kwake, lakini jina la mtu halimfundishi mwanafunzi lolote, na hata orodha ya kimataifa ya majina ya viungo iliyopitishwa Paris mwaka 1955 iliacha kutumia majina ya watu. Wengine hufupisha kuwa “mrija wa sikio,” nao hukosewa kwa tundu la nje. Napendekeza mrija wa koo na sikio. Una urefu wa sentimita 3 na nusu hivi kwa mtu mzima, na kwa kawaida umefumba. Abiria anayepanda milima ya Usambara kwa basi kutoka Mombo kwenda Lushoto huufahamu bila kujua jina lake: masikio huziba, humeza mate au hupiga mwayo, nayo huzibuka.

6. Kuathiri

Limebaki neno dogo la katikati ambalo wafasiri hulitumia bila kulitazama. Kuathiri, kwa asili yake, ni kuacha alama, njema au mbaya. Lakini lugha haikai kwenye asili. Leo mwathirika wa mafuriko ni aliyedhurika, na kwa miaka mingi “ameathirika” ilikuwa ni kauli ya chinichini kwa aliyeambukizwa Virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo “vifaa huathiri sikio” husomwa “vifaa hudhuru sikio,” na mgonjwa aliyeisoma ana haki ya kukataa kifaa ambacho pengine ndicho kingemfaa.

Zaidi ya hayo, kitenzi hiki huficha jinsi jambo linavyotokea, na hapa penye sikio jinsi ni mbili, tena za mbali kabisa.

Ya kwanza ni ya kifaa. Mgonjwa akipumulishwa kwa barakoa ya uso, hewa husukumwa katika koo zima, pamoja na ghorofa ya juu ambamo mrija wa koo na sikio hufungukia. Yaweza kupenya na kupandisha kanieneo ya sikio la kati. Mrija wa trakea huipeleka hewa chini ya zoloto, basi msukumo huo haupiti kooni tena. Kawa la zoloto liko katikati ya hayo mawili: limekaa ghorofa ya chini, mbali na mlango wa mrija wa sikio, lakini likivuja hewa hurudi juu.

Ya pili ni ya gesi, na haijali kifaa. Ipo gesi iitwayo naitrasi oksaidi, ambayo huchanganywa na oksijeni katika nusukaputi. Wengine huiita gesi ya kicheko, jina la mzaha lisilofaa kubandikwa kwenye mtungi. Wengine huandika oksidi ya nitrojeni, jina linaloweza kumaanisha gesi kadhaa, mojawapo ikiwa sumu kali. Afadhali kulikopa jina lake kamili. Gesi hii huyeyuka katika damu mara 34 hivi kuliko nitrojeni. Kwa hiyo huingia katika chumba cha sikio kwa njia ya damu upesi kuliko nitrojeni iwezavyo kutoka, na kanieneo hupanda. Inapokatwa, hutoka upesi vilevile, na kanieneo yaweza kushuka mpaka ikawa hasi. Ndiyo sababu daktari anapoziba kiwambo kwa kiraka cha utando, mtoa nusukaputi huiepuka gesi hii au huikata mapema, kwani kanieneo chanya hukiinua kiraka, na kanieneo hasi hukivuta.

Twaona basi kwamba uchunguzi unaolinganisha vifaa bila kueleza gesi iliyotumika hauwezi kusomwa sawasawa. Mfasiri aliyeandika “huathiri” hakumpa msomaji nafasi ya kuliona hilo. Aandike hupandisha, hushusha, husawazisha au hubadili, kadiri mambo yalivyo. Kiswahili kina vitenzi tele kwa kazi hii.

7. Sentensi iliyotengenezwa upya

Tukiyafuata tuliyoyaeleza, sentensi yetu yaweza kuandikwa hivi: “Mgonjwa akiwa katika nusukaputi, kanieneo ya sikio lake la kati yaweza kupanda au kushuka, kutegemea gesi anayovutishwa na njia inayotumika kufikisha hewa mapafuni: barakoa ya uso, kawa la zoloto au mrija wa trakea.”

Ni ndefu kuliko ya kwanza, sikatai. Lakini mwalimu aweza kuifundisha, mfasiri aweza kuirudisha katika lugha yoyote pasipo kupoteza kitu, na mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa sikio aweza kuuliza swali la maana juu yake.

Kwa muhtasari, nayaweka mapendekezo mbele ya wasomaji:

Nusukaputi: hali ya kuzimwa fahamu na hisi kwa dawa ili mtu apasuliwe. Usingizi ubaki wa mazungumzo.
Ganzi: kuondolewa hisi sehemu moja ya mwili, mgonjwa akiwa na fahamu zake.
Koo: uwanja wa pamoja wa hewa na chakula, wenye ghorofa tatu.
Zoloto, trakea, umio: kila moja kwa maana moja tu. “Kooni” lisitumiwe peke yake katika maelekezo ya kuingiza kifaa.
Kawa la zoloto: kifaa kinachokaa juu ya mlango wa zoloto.
Kanieneo: kwa hewa ya sikio, ya puto na ya mapafu, daima pamoja na kipimo chake. Shinikizo libaki kwa damu.
Mrija wa koo na sikio: badala ya jina la mtu.

Mafunzo ya udaktari nchini hutolewa kwa Kiingereza, na wapo wasemao kuwa kwa hiyo maneno haya hayana haraka. Lakini mgonjwa hapasuliwi kwa Kiingereza. Anaambiwa kwa Kiswahili asile, anaulizwa kwa Kiswahili kama ana meno ya bandia au kama aliwahi kuumwa sikio, na anatia sahihi karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Aliyeiandika ni mfasiri au mtumishi wa serikali, aghalabu akiwa peke yake na kamusi mbili zisizokubaliana. Huyo ndiye anayehitaji mapatano yetu, naye anayahitaji sasa.

Wauguzi, walimu wa sayansi na wafasiri walio na maneno bora kuliko haya wayalete. Tena wayalete yakiwa ndani ya sentensi, ili nayo yapimwe kama haya yalivyopimwa.